Maneno yatautulizaje moyo unaodunda?

Msomaji ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 31. Ni mwezi wa nane sasa nasumbuliwa na kitu ambacho hata jina sijui nikipe lipi. Nikiwa kwenye foleni, au ndani ya basi, na mara mbili nikiwa usingizini kabisa, moyo huanza kwenda mbio ghafla, kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, na hapo huwa sina shaka kwamba nakufa. Nimekimbizwa hospitali mara tatu. Vipimo vya moyo na damu vyote safi. Mara ya mwisho daktari alisema ni hofu, akaniandikia barua niende kwa mnasihi. Sikwenda. Sikudharau, ila sielewi: tatizo liko kifuani, maneno yatanisaidiaje? Mimi si mwoga, wala sina mambo mazito ya kumsimulia mtu. Siku hizi basi sipandi mpaka niwe na mdogo wangu. Mume wangu anadhani yalishaisha. Nimwambie?"

Marahaba, dada yangu. Itafute ile barua popote ulipoiweka, maana aliyekuandikia hakukosea. Wala wewe hukukosea kuuliza. Wengi huja kwangu na swali hilohilo moyoni, wakaona haya kulisema, wakahudhuria mara mbili, kisha hawaonekani tena. Heri wewe umeuliza mapema.

Nianze na kifua. Hujifanyi, na kama yupo aliyekuambia hivyo, amekuonea. Moyo wako unakwenda mbio kweli, na mikono inakufa ganzi kweli. Kinachokupata huitwa shambulio la hofu. Huja ghafla, hupanda hadi kileleni kwa dakika chache ambazo mara nyingi hazizidi 10, kisha hushuka. Ulifanya vyema kupimwa, kwani yapo maradhi yanayofanana nalo: tezi ya shingo kutoa homoni kupita kiasi, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, upungufu wa damu, sukari kushuka. Ikiwa hayo yameshaangaliwa na yakakutwa safi, kwenda mara ya nne kwa dalili zilezile kutakupa utulivu wa siku mbili tatu, basi. Lakini dalili ikiwa ngeni, mathalani maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi nzito na kuondoka ukipumzika, au ukazimia hasa ukaanguka, rudi hospitali bila kungoja neno langu.

Kuliona tatizo hili kuwa la moyo hukuanza wewe. Mwaka 1871 daktari wa Marekani aitwaye Jacob Da Costa aliandika habari za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, waliolalamika kwamba moyo unadunda, kifua kinauma, pumzi inakatika na kichwa kinazunguka. Aliwapima, na katika wengi wao hakuona ndani ya moyo wenyewe kasoro ya kutosha kueleza mateso hayo. Wanaosoma maelezo yake leo wanakuta ndani yake mengi ya haya unayonieleza. Ilipita zaidi ya miaka 100, hadi 1980, ndipo mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani ulipolipa tatizo hili jina na mahali pake peke yake. Kwa hiyo hata wenye taaluma walichelewa kuelewa.

Sasa turudi kwenye foleni, maana jibu lako liko pale.

Umesimama. Pengine usiku ulilala vibaya, pengine umekunywa kahawa tumbo likiwa tupu, pengine ni joto tu. Moyo unaruka pigo moja. Hilo humpata kila mtu na hupita bila yeye kujua, kwa kuwa akili yake haikuliwekea mlinzi. Yako imeliwekea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe nyoka wako ni lile shambulio la kwanza. Akili inauliza, "Nini hiki tena?" Swali hilo peke yake linatosha mwili kumwaga adrenalini, homoni ileile ambayo ingekusaidia kukimbia kama ungekuwa unakimbizwa. Adrenalini inaongeza mwendo wa moyo. Wewe unahisi mwendo umeongezeka, unasema, "Ndiyo, imeanza." Homoni inamwagika zaidi.

Pumzi nayo inabadilika. Unavuta haraka na kwa kina kuliko mwili unavyohitaji, na hewa ukaa kwenye damu inapungua. Ikipungua, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinawasha kisha vinakufa ganzi. Ndiyo ile ganzi yako. Na cha ajabu ni kwamba mtu anayepumua kupita kiasi huhisi hewa haimtoshi, kwa hiyo anavuta tena, na tena. Basi kila dalili inazaa hofu, na kila hofu inazaa dalili, mpaka unajikuta nje ya mlango hujui umefikaje.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alilichora duara hili na kuonyesha kiungo chake muhimu kiko wapi: kiko kwenye maana. Moyo kwenda mbio pekee haukuleti hapo, kwani ukipanda ngazi unakwenda mbio vilevile nawe huna habari nao. Kinachokuleta hapo ni ile tafsiri unayoipa dalili mara tu inapotokea: "moyo unasimama," "nazimia," "nakuwa mwendawazimu mbele za watu." Tafsiri hiyo hupita upesi mno hata mwenyewe huioni. Wewe unaona dalili, kisha unaona hofu, na katikati unadhani hapana kitu.

Pale katikati ndipo maneno yanapofanya kazi. Wala si maneno ya kukubembeleza. Watu wakisikia tiba ya mazungumzo, picha inayowajia ni ya kukaa kwenye kiti na kumweleza mtu usiyemjua habari za wazazi wako huku ukilia. Kwa shambulio la hofu, aina iliyothibitika zaidi haifanani na hiyo. Huitwa tiba ya fikra na tabia, na wengi huifupisha CBT. Kwa sehemu kubwa ni uchunguzi, mnaufanya wawili.

Mkutano wa kwanza au wa pili nitakuomba unipe shambulio la mwisho, dakika kwa dakika, kama shahidi anayehojiwa. Ulikuwa umesimama wapi? Kitu cha kwanza kabisa kuhisi mwilini kilikuwa nini? Kichwani mlipita nini? Utajibu, "Hakuna, niliogopa tu." Nitauliza tena: kama pale usingetoka, ungepatwa na nini? "Ningeanguka." Kisha? "Ningekufa." Umejuaje? "Moyo ulikuwa unapiga sana." Tunayaandika hayo kwenye karatasi kwa mishale, kutoka dalili kwenda tafsiri, kutoka tafsiri kwenda dalili. Nimeona watu wengi wakiinama juu ya karatasi hiyo na kunyamaza kitambo kirefu. Kwa miezi walikuwa wakipigwa na kitu kisicho na umbo, na sasa umbo lake wanaliona.

Kisha tunahoji. Kuzimia, kwa mfano, kwa kawaida huja shinikizo la damu linaposhuka, na katika shambulio la hofu huwa linapanda. Mashambulio haya yote hukuniandikia kwamba umewahi kuanguka hata mara moja, nami sishangai. Walio na hofu ya kuona damu au sindano ndio hasa huweza kuzimia kwa hofu, na hilo ni tatizo jingine. Lakini kuelezwa hivi hakutoshi. Ungetosheka na maelezo, vipimo vile vitatu vingekuponya. Hofu haisadiki hoja, inasadiki ilichokiona.

Ndiyo maana katikati ya tiba tunaacha kusema na tunafanya. Nikupe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo yote yanayoweza kumtambulisha mwenyewe. Alikuja kijana mwenye tabia ya kuweka vidole viwili shingoni kila baada ya dakika chache ahesabu mapigo. Aliamini kwamba ganzi ya mikono ni dalili ya mwisho kabla ya moyo kusimama. Siku hiyo nilimwomba tusimame wote wawili na tupumue haraka kwa kina, kwa dakika moja, saa ikiwa mezani mbele yetu. Kwanza nilihakikisha hana pumu, hana kifafa wala ugonjwa wa moyo, kwani zoezi hili si la kila mtu. Sekunde ya 40 hivi akaacha, akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hiihii." Nilimwomba asikae, asishike shingo, asinywe maji. Tusimame tu tuone inakwenda wapi. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Baada ya muda usiofika dakika tatu ganzi ilikuwa imebaki kwenye ncha za vidole tu. Akaniuliza kama tunaweza kurudia. Tulirudia mara nne siku ile, na mara ya nne alikuwa ananieleza ganzi inavyopanda kama mtu anayeeleza mvua inavyokuja.

Ona kilichotokea. Sikumwambia "usiogope." Ile dalili aliyoisoma kuwa ni kifo, aliitengeneza mwenyewe kwa pumzi zake, akaiona ikija na ikiondoka bila yeye kufanya lolote la kujiokoa. Yako mazoezi mengine ya aina hii: kuzunguka kwenye kiti kuleta kizunguzungu, kukimbia pale ulipo kuupandisha moyo, kupumua kwa mrija mwembamba kuleta hisia ya kukabwa. Tunachagua lile linalofanana na dalili unayoiogopa zaidi. Nakusihi usianze na haya peke yako nyumbani kwa sababu umeyasoma hapa. Yafanye kwanza na mtu anayejua, naye ajue afya yako.

Baada ya chumba kile ni foleni na basi. Na hapa, dada yangu, lazima nikuguse kwenye jambo ambalo hutalipenda: mdogo wako. Najua ni wa upendo. Lakini kila mkipanda naye na ukafika salama, akili yako inaandika kwamba umefika kwa sababu alikuwepo. Haipati kamwe nafasi ya kuandika kwamba ungefika hata bila yeye. Wengine "mdogo wao" ni chupa ya maji, kidonge mfukoni, kiti cha karibu na mlango, au simu mkononi na namba ya hospitali tayari kwenye kioo. Tunaviondoa polepole, kimoja kimoja, kwa mpango mlioupanga wenyewe. Yeye akae viti vya nyuma, wewe mbele. Kisha apande basi linalofuata. Kisha akungoje kituoni. Kisha asiwepo. Nimeiandika kwa mistari minne, ila ni wiki za kazi ngumu, na siku nyingine utarudia hatua uliyokwisha kuivuka. Kurudi nyuma ni sehemu ya njia yenyewe.

Tiba hii si ya miaka. Taasisi ya taifa ya Uingereza inayoandaa miongozo ya tiba, NICE, inapendekeza kwa tatizo hili saa 7 hadi 14 kwa jumla, kwa kawaida mkutano mmoja kila wiki, na yote yawe yamekwisha ndani ya miezi 4. Kati ya mikutano kuna kazi za kufanya nyumbani, na kwa maoni yangu kazi hizo ndizo tiba yenyewe. Mkutano ni wa kuzipanga na kuzihakiki. Asiyefanya kazi za nyumbani ana haki ya kuona kwamba maneno hayamsaidii.

Kuhusu dawa hukuuliza, lakini nadhani utaambiwa. Zipo dawa, hasa za kundi la zile za sonona, zinazopunguza mashambulio kweli, na sina ugomvi nazo. Mwaka 2000 David Barlow na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 312 wenye tatizo hili, waliogawanywa kati ya dawa iitwayo imipramini, tiba ya fikra na tabia, vyote viwili, au vidonge visivyo na dawa. Dawa na mazungumzo vyote vilisaidia. Tofauti ilionekana matibabu yalipokwisha: waliotumia mazungumzo bila dawa walishikilia nafuu yao vizuri zaidi. Kinachonitia wasiwasi ni vile vidonge vya kutuliza vinavyofanya kazi ndani ya nusu saa, vya kundi la diazepamu. Vinazoeleka na mwili hudai zaidi, na tena vinakuwa chupa ya maji nyingine, maana utasema kidonge ndicho kilichokuokoa. Kama tayari unavitumia, usiviache kwa ghafla. Kuviacha hivyo ni hatari. Aliyekuandikia avipunguze.

Umesema huna mambo mazito ya kusimulia. Huenda ni kweli, na tiba hii haikulazimishi kuyatafuta. Ninachokiona mara kwa mara ni kwamba shambulio la kwanza huangukia kipindi ambacho mtu amebeba mengi: msiba, kujifungua, kuhama, kazi mpya, ugomvi usiosemwa. Mengine hujitokeza yenyewe mkutano wa sita au wa saba, hofu ikishapungua na mtu akapata pumzi ya kutazama nyuma. Ipo pia aina ya tiba inayoanzia huko, kwenye uhusiano na hisia zilizozikwa, na imewasaidia baadhi ya watu wenye mashambulio haya. Kwa ulivyoeleza, wewe ningekuanzishia ile ya kwanza.

Yale ya usingizini yanawatisha watu kuliko yote, kwa sababu huwezi kusema ulikuwa unawaza kitu. Hayatoki kwenye ndoto. Huja usingizi unapozama kuwa mzito, wakati mapigo na pumzi vinabadilika mwendo, na mlinzi yule uliyemweka halali. Tiba ni ileile. Mashambulio ya mchana yakipungua, mara nyingi ya usiku nayo hupungua.

Ukifika kwa mnasihi, muulize wazi kama amesomea tiba ya fikra na tabia na kama amewahi kuitumia kwa mashambulio ya hofu. Si jeuri kuuliza. Ukiona mikutano minne au mitano imepita na mnachofanya ni wewe kueleza wiki ilivyokuwa na yeye kukupa pole, mwambie unataka mazoezi. Kuwa mwangalifu pia na anayekufundisha kupumua polepole kisha akaishia hapo. Pumzi ya polepole si mbaya, inatuliza kweli, lakini ukiitumia kila mara kulizima shambulio kabla hujaona linaishaje, utabaki unaliogopa. Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi achana nako kabisa. Kama siku moja tatizo litakuwa la moyo au mapafu kweli, kutakudhuru.

Na jambo moja nisilolipitia juu juu. Ikiwa umeanza kutumia pombe ili uweze kutoka nyumbani, au ikiwa siku nyingine unaona heri usingekuwepo, yaseme hayo kwanza kabla ya yote, kwa mnasihi au kwa daktari yeyote aliye karibu, siku hiyohiyo.

Mume wako mwambie. Naelewa kwa nini umemficha: mara tatu hospitali, gharama, usiku wa kukesha, nawe ukaona umekuwa mzigo. Lakini kumficha ni kazi unayoifanya kila saa juu ya kazi ya hofu yenyewe, na mtu anayechunga asionekane akitetemeka huuchunga mwili wake zaidi, ndiyo chakula cha mashambulio. Chagua wakati ambao si wa shambulio, mkae, mwoneshe hata maandishi haya. Atataka kukusaidia, na wenzi wengi husaidia kwa namna inayozidisha: anakuambia "tulia," anakimbilia ufunguo wa gari, au anakuuliza kila nusu saa kama u mzima. Mpe kazi nyingine. Shambulio likija akae karibu bila kukushika kwa nguvu, atazame saa, na kila dakika aseme dakika ngapi zimepita. Asiseme zaidi ya hapo. Likishaisha, muandike wote wawili lilichukua muda gani, na karatasi hiyo uende nayo kwa mnasihi siku ya kwanza.